Kuvunjika kwa Koleo Si Mwisho wa Uhunzi

Hotuba ya Kamati iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, juu ya ndugu zetu wenye magonjwa ya mishipa ya fahamu na vyombo vya kuwasaidia



Kamati yenu imeona yafaa mwaka huu, baada ya kusomwa hesabu za fedha, tuseme mbele yenu jambo ambalo kwa kawaida husemwa kwa kunong'ona. Wako wazee na akina mama miongoni mwetu, na hata vijana, ambao mikono yao yatetemeka, au miguu yao yakataa kuinuka, au sauti zao zafifia mwaka hata mwaka. Wengine wao waliacha kuja mikutanoni, si kwa kuwa hawana neno la kusema, bali kwa kuona haya kumwaga chai mbele za watu. Twataka kusema habari zao, na zaidi ya hayo kusema ni kitu gani Chama hiki chaweza kufanya.

Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe, maana adui asiyejulikana hupewa majina ya uongo. Mwili wa binadamu huendeshwa na ubongo kwa njia ya mishipa ya fahamu, mfano wa nyaya za simu zitokazo mjini kwenda vijijini. Yako magonjwa ambayo hula nyaya hizo polepole. Ulio mashuhuri ni ule uitwao ugonjwa wa Parkinson, kwa jina la daktari James Parkinson wa London, aliyeueleza katika kitabu chake cha mwaka 1817. Katika ugonjwa huu, chembe fulani za ubongo zilizo na kazi ya kulainisha mwendo hufa kidogo kidogo. Basi mtu hutetemeka, mwili hukazana, hatua huwa fupi, na uso hukosa kuonyesha furaha iliyomo moyoni. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 duniani walikuwa nao. Mwingine, ulio haba lakini mkali zaidi, ni ule unaoua mishipa iendeshayo misuli yenyewe, hata mikono na miguu, kisha ulimi na koo, huishiwa na nguvu.

Magonjwa haya hayaambukizi. Anayekula sahani moja na mgonjwa hapati neno. Wala si kazi ya mchawi, wala si malipo ya kiapo kilichovunjwa na babu. Twasema haya kwa nguvu, maana kila mwezi unaopotea katika kumtafuta aliyeroga ni mwezi ambao mgonjwa angaliweza kuwa mbele ya daktari. Tena yafaa kujua kwamba ulimi mzito si akili nzito. Ni kweli kwamba wengine, ugonjwa ukiendelea sana, hupungukiwa na kumbukumbu; lakini wengi ambao watu huwadhani wamepumbaa wasikia kila neno, wanaelewa kila neno, na waumia kwa kila neno.

Sasa tufike kwenye shina la maneno yetu. Mtu akivunjika mguu, huvunjika siku moja, naye hupewa gongo, na baadaye hulitupa. Magonjwa haya sivyo yalivyo. Haya yana safari. Leo ni kidole, mwakani ni mkono, miaka mitatu ijayo huenda ikawa ni kauli. Kwa hiyo, tukingoja hata haja ionekane ndipo tutafute chombo, chombo kitafika siku zote kikiwa kimechelewa: fimbo italetwa siku ya kuhitaji kiti, na kiti kitaletwa siku ya kuhitaji kitanda. Twawaomba mshike neno moja tu katika hotuba hii, hata mkisahau mengine yote: ugonjwa waenda, basi chombo na kitangulie.

Twajua liko pingamizi moyoni mwa wazee wengi, nalo ni fahari. Mtu husema, "Mimi niliyelima matuta ya kilima kizima, nikokotwe kwenye kiti kama mtoto?" Wazee wetu, tukumbuke desturi yetu wenyewe. Tangu hapo Mzee wa Kikamba alijulikana kwa vitu viwili: fimbo mkononi na kigoda cha miguu mitatu. Hakuna aliyesema kwamba Mzee huyo ni mlemavu. Fimbo ilimtegemeza akienda, kigoda kilimpumzisha akiketi kuamua mashauri, na vyote viwili vilikuwa ni alama ya heshima. Kiti cha magurudumu ni kigoda kilichopewa miguu ya kutembea, basi. Aliye juu yake ni Mzee yule yule.

Nje ya nchi yetu iko mifano ambayo dunia yote iliiona. Muhammad Ali, aliyempiga George Foreman huko Kinshasa mwaka 1974, na ambaye wengi wenu mwakumbuka alipofika Nairobi mwaka 1980, aliambiwa na madaktari mwaka 1984 kwamba ana ugonjwa wa Parkinson. Mwaka 1996 aliuwasha mwenge wa Michezo ya Olimpiki mjini Atlanta, mkono wake ukitetemeka mbele ya mataifa, naye hakuuficha. Aliishi hata mwaka 2016. Na mtaalamu wa elimu ya nyota, Stephen Hawking wa Uingereza, aliambiwa mwaka 1963, akiwa na umri wa miaka 21, kwamba amepatwa na ule ugonjwa wa misuli, naye akadhaniwa kuwa amebakiwa na miaka miwili. Mwaka 1985 alipoteza sauti kabisa. Hapo kwanza alisema kwa kuinua nyusi, mtu mwingine akimwonyesha herufi moja moja kwenye kadi. Baadaye akapewa mtambo wa kompyuta uliogeuza herufi zake kuwa sauti. Mwaka 1988 alitoa kitabu kilichosomwa ulimwenguni kote, akaishi hata mwaka 2018. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mhunzi hutafuta koleo jingine.

Huenda mtu akasema, "Hayo ni ya Uingereza na Marekani, sisi tuko Ikutha na Kathonzweni." Ni neno la haki. Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF walitangaza mwaka 2022 kwamba watu zaidi ya bilioni 2.5 duniani wahitaji chombo kimoja au zaidi cha kuwasaidia, na kwamba katika baadhi ya nchi maskini ni watu 3 tu katika kila 100 wenye haja ndio wanaokipata, ilhali katika nchi tajiri hufika hata 90. Lakini si kila chombo ni kompyuta. Tuvitaje vile vilivyo karibu na mikono yetu.

Tuanze na mwendo. Mwenye Parkinson aweza kuganda mlangoni, nyayo zikawa kana kwamba zimegundishwa sakafuni. Msimvute mkono, maana ataanguka. Wekeni kijiti mbele ya mguu wake, naye mwambieni akivuke. Au pigeni mistari ya chokaa sakafuni, kila mstari mbali na mwenzake kwa kadiri ya hatua moja. Ni ajabu, lakini ndivyo ilivyo: mguu uliokataa kutembea hukubali kuvuka. Kadhalika ngoma. Mdundo ulio sawa, au hata kuhesabu moja, mbili, moja, mbili, huufungua mwendo uliofungwa. Wakamba walisifiwa kwa ngoma zao tangu zamani; nani angalidhani kwamba ngoma ni dawa ya mguu?

Kuhusu viti vya magurudumu, yafaa kuwa waangalifu. Kiti kile cha hospitali chenye magurudumu madogo mbele kiliundwa kwa sakafu iliyo laini. Ukikipeleka kwenye mchanga wa mto Tiva au wa mto Kaiti, huzama na kumtupa aliyeketi. Kwa njia zetu chafaa kiti cha magurudumu matatu, gurudumu la mbele likiwa kubwa kidogo na limewekwa mbele zaidi, nacho huvuka mawe na mchanga bila kupinduka upesi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya jambo hili mwaka 2008, likaagiza kwamba kiti kipimwe kwa mwili wa mwenye kukitumia na kwa ardhi anayokaa, wala si kugawiwa tu kama magunia ya mahindi. Tena kiti kiwe na mto mzuri, maana kuketi kutwa nzima juu ya kitambaa kitupu huleta vidonda, na vidonda vimewaua wengi ambao ugonjwa wenyewe haukuwa umewaua.

Choo nacho ni jambo la heshima kuliko mengine. Mtu asiyeweza kuchutama huacha kula na kunywa ili asiende chooni, na hivyo hudhoofika upesi. Dawa yake ni kiti cha mbao chenye tundu katikati, kilichowekwa juu ya shimo, pamoja na gogo imara la kushikilia ukutani. Seremala wa kijiji aweza kukimaliza kwa siku moja. Na mlangoni, mahali pa ngazi, pafanywe mteremko: kwa kila futi 1 ya kimo, urefu uwe futi 12.

Kisha mikono na kinywa. Kijiko chenye mpini mnene na mzito kidogo hutulia mkononi kuliko kijiko chepesi. Kikombe chenye kifuniko hakimwagi chai. Vifungo vya shati vyaweza kuondolewa, mahali pake pakashonwa utepe wa kunatana. Ni vitu vidogo, lakini kwa kila kimoja mtu hurudishiwa sehemu ya utu uzima wake.

Na sauti, ndugu zetu, ndiyo inayotaka haraka kuliko vyote. Mtu aliyeambiwa kwamba ulimi wake utanyamaza asingoje unyamaze. Simu iliyo mfukoni mwa mwanawe yatosha kuirekodi sauti yake ikingali nzima: majina ya watoto wake, salamu, baraka, mipaka ya shamba, na maneno ya kila siku kama vile "nina kiu" au "nigeuzeni". Simu nyingi za siku hizi zaweza pia kuyasoma maandishi ya Kiswahili kwa sauti. Lakini baraka ya Mzee kwa Kikamba, kwa sauti yake mwenyewe, haiwezi kuundwa tena baada ya kupotea. Mahali pasipo simu, chukueni ubao, andikeni herufi katika safu, na mtu aoneshe safu kwa kidole, mgonjwa akikubali kwa kupepesa jicho. Ubao huo hauhitaji umeme wala mtandao. Lakini wahitaji mazoezi, na mazoezi hufanywa kabla ya haja.

Chombo hakichukui mahali pa dawa. Kwa Parkinson iko dawa iitwayo levodopa, ambayo nguvu yake ilithibitishwa na madaktari katika miaka ya 1960. Haiuponyi ugonjwa, lakini huufungua mwili kwa saa kadhaa. Yafaa kujua kwamba vyakula vya kujenga mwili, kama nyama na jamii ya kunde, hushindana na dawa hii katika kuingia mwilini. Kwa hiyo amezaye vidonge pamoja na sahani ya muthokoi na mbaazi huenda asione faida, akadhani dawa ni mbovu; mara nyingi madaktari huagiza imezwe kama nusu saa kabla ya chakula. Wala isiachwe ghafla, maana ni hatari. Wengine wenu mmesikia habari za upupu. Ni kweli kwamba mbegu za upupu zina levodopa ndani yake, na wataalamu wamezijaribu. Lakini kipimo chake hakijulikani kwa kutazama kwa macho. Mtu asijichemshie bila kumwambia daktari.

Husemwa kwamba mgonjwa haulizwi uji. Kwa homa ya siku tatu, methali hii ni kweli. Kwa ugonjwa wa miaka kumi na mitano haifai. Mgonjwa huyu aulizwe: aulizwe uji, aulizwe kiti kikae upande gani, aulizwe juu ya shamba lake na ndoa ya binti yake. Chombo kilichonunuliwa pasipo shauri lake mara nyingi huishia kuwa kiota cha kuku. Tena tusimsahau anayemhudumia, ambaye kwa kawaida ni mke, au binti aliyerudishwa nyumbani kutoka kazini au shuleni. Chombo chema hupumzisha watu wawili.

Serikali nayo ina sehemu yake. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, yampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima, na haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kushinda vizuizi vya hali yake. Sheria ya mwaka 2003 iliunda Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, na mwaka 2025 ilitungwa sheria mpya mahali pa ile ya zamani. Mgonjwa ambaye mwili wake umezuiliwa na ugonjwa huu aweza kupimwa katika hospitali ya serikali na kuandikishwa na Baraza hilo. Wengi hawaendi, kwa kudhani kwamba ulemavu ni wa kuzaliwa nao tu. Kiko pia chama cha APDK, kilichoanzishwa mwaka 1958 kuwahudumia walemavu wa viungo, ambacho karakana zake, kama ile ya Bombolulu karibu na Mombasa iliyoanza mwaka 1969, zimeonyesha kwamba viti na vyombo vyaweza kuundwa hapa Kenya, na kwa mikono ya walemavu wenyewe.

Basi Chama chetu kifanye nini? Vyama vya namna hii viliundwa ili mtu afapo mbali na kwao asizikwe kama mgeni. Ni desturi njema, nasi hatusemi ipunguzwe. Mtu akifa usiku, asubuhi fedha ya jeneza na ya gari imekwisha kupatikana. Twauliza tu, kwa heshima: je, mkono ulio mwepesi hivi kwa jeneza hauwezi kuwa mwepesi kwa kiti? Jeneza hutumika siku moja. Kiti kikitunzwa humtumikia mtu miaka, kisha kikamtumikia mwingine. Na kwa kuwa ugonjwa huu wasafiri, kila chombo huja siku ya kukipita: aliyekuwa na fimbo ahitaji kiti, na fimbo yake yamfaa aliye nyuma yake njiani.

Kwa sababu hiyo Kamati yaleta mbele yenu mapendekezo manne. Kwanza, kila tawi lifungue ghala dogo la vyombo vya kuazimana, lenye daftari na mtunzaji, ili chombo kinachoachwa na mmoja kisiozee uani bali kimwendee mwenziwe. Pili, sehemu ya ada ya mwaka itengwe kwa ajili ya ghala hilo, kiasi chake kikatwe na mkutano huu na wala si na Kamati. Tatu, kazi za mbao zipewe mafundi wetu. Tangu Mutisya Munge wa Wamunyu alipoanza kuchonga vinyago baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mikono ya Wakamba yajulikana duniani. Mkono uwezao kuchonga twiga wawezaje kushindwa na mpini wa kijiko? Na miteremko ya milango ijengwe kwa mwethya, kama tulivyojenga matuta na mabwawa ya mchanga. Nne, hakuna mwanachama atakayepoteza kiti chake katika baraza kwa sababu ya kutetemeka au kunyamaza. Akija na ubao wa herufi, mkutano utangoja hata amalize neno lake, ijapokuwa ni kwa nusu saa.

Pendekezo hili la nne halina gharama ya fedha, na huenda ndilo gumu kuliko yote, maana lataka uvumilivu. Lakini baraza lisiloweza kumngoja Mzee wake amalize sentensi moja litakuwa limepungukiwa na hekima yake kabla ya Mungu kumwita.

Wazee wetu na ndugu wanachama, kila mmoja wetu apewaye umri mrefu ataomba siku moja kushikwa mkono. Tulitengeneze ghala hili tungali na nguvu za kulijenga. Twayaweka mapendekezo haya mikononi mwenu, myajadili na kuyapigia kura kabla jua halijatua leo.